Joto la Komeo

“Mama Quinter, hivi bunduki mpya inaweza kuwa mbovu kuliko ya zamani?”

Swali hilo aliniuliza Syprose, jirani yangu tunayepakana naye ukuta, asubuhi ile Kipkirui alipopita mbele ya nyumba zetu za laini, zile safu za wafanyakazi wa shamba, akiwa na bunduki mpya begani kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tumesimama mlangoni, vikapu vya kuchumia vikiwa mgongoni, tukingoja ukungu utuachie njia. Nilimjibu kwamba kitu cha kuua hakitengenezwi kwa mzaha. Yeye akasema hata sufuria ni kitu cha kulishia watoto, na bado za siku hizi hung’oka mpini kabla mchele haujaiva. Tukacheka. Tangu siku ile nimelirudia swali lake mara nyingi kuliko nilivyoirudia sala ya Bwana, Mungu anisamehe, na kile kicheko kimenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Shamba letu la majani chai liko upande wa Bomet, pale michai inapokoma na msitu wa Mau unapoanza. Sehemu ya juu kabisa tunaiita Namba Kumi na Tisa. Hakuna ua huko wala mtaro, ni kijia tu cha upana wa mtu mmoja. Mkono huu michai inakufika kiunoni, mkono ule miti mirefu inadondosha maji hata siku isiyo na mvua. Mashine za kuchumia zilizotunyang’anya kazi mabondeni haziwezi kupanda mteremko ule, kwa hiyo sisi wanawake tuliobaki tumebaki kwa sababu ya mteremko. Na nyati nao wanaupenda. Hushuka usiku, wakalala katikati ya mistari, na alfajiri ukiuona mgongo mmoja mweusi unaweza kudhani ni kisiki kilichosahauliwa na wapasua kuni. Ndiyo maana kampuni ina mtu mmoja mwenye kibali na bunduki, anayetutangulia kila asubuhi. Kazi yake ni kupiga hewani ili wanyama warudi kwao, na kumpiga mnyama ikiwa hakuna njia nyingine. Kwa miaka kumi na tisa mtu huyo alikuwa mume wangu, Jairus Ouko.

Bunduki ya Jairus ilikuwa na umri kumshinda yeye. Kitako chake kilikuwa cha mti, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na mahali aliposhika palikuwa pamelainika kama mpini wa jembe la urithi. Ilianguka mtaroni, ikanyeshewa masika baada ya masika, na kila ilipoulizwa ilijibu. Mimi niliacha shule darasa la saba na siyajui majina ya vyuma vyake, lakini mlio wake niliujua kama ninavyokijua kikohozi cha mwanangu. Chuma kimoja tu nilikifahamu kwa jina alilokipa yeye: komeo, ule mchi wa nyuma unaovutwa na kusukumwa ili risasi iingie, wenye msumari ndani yake wa kuigonga risasi kitakoni. Siku zile sheria ya shamba ilikuwa kwamba komeo lisilale na bunduki. Bunduki ilifungiwa stoo ya ofisini, komeo likaja kulala kwetu, ndani ya sanduku chini ya kitanda, ili mwizi akipata kimoja awe amepata chuma tu.

Kila jioni Jairus alilipaka komeo mafuta ya kondoo. Nayayeyusha mwenyewe hadi leo, ya mkia wa kondoo wa Mulot, nayachuja kwa kitambaa mpaka yanakuwa meupe na laini. Mvua ya kwetu haina likizo, na kutu haingoji. Halafu alfajiri, kabla ya kutoka, alilipenyeza komeo chini ya sweta lake, likalala kwenye mbavu, akaenda nalo hivyo hivyo mpaka Namba Kumi na Tisa. Nikimcheka, alikuwa akisema, “Huyu ndiye mke mdogo. Ukimwacha kwenye baridi, ananuna.” Niliyachukua kuwa maneno ya mtu mwenye mke mmoja, aliyewaogopa wazee wa kanisa kiasi cha kutosha kutotafuta wa pili.

Alifariki kitandani mwake, moyo ulisimama tu, sasa ni mwaka wa saba. Kipkirui, aliyemfuata nyuma miaka minne akijifunza kazi, alilia kaburini kuliko hata baadhi ya ndugu zake Jairus. Akachukua nafasi yake. Kisha shamba likapata wenyewe wengine, na wenyewe hao wakaona kwamba bunduki ya zamani haipati tena risasi madukani. Ikarudishwa serikalini. Ikaletwa mpya.

Ilikuwa nyepesi na inang’aa, kitako cha plastiki nyeusi, na ilipopita jua likaipiga ungedhani ni kitu cha maonyesho. Masika ya kwanza, rangi ya mtutu ikaanza kubanduka kama kucha zilizopakwa kwa haraka. Kile kijisanduku kinachobeba risasi chini yake nacho kilikuwa cha plastiki, na kilipenda kudondoka. Kipkirui akakifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Komeo lilicheza ndani ya nyumba yake kama jino la mtoto. Mara tatu alikwenda ofisini kueleza, mara tatu akaambiwa kwamba bunduki ina cheti chake, na kwamba fundi mbaya husingizia chombo. Mafuta ya bunduki yaliyokuwa yakitolewa stoo yalikuwa yamekatwa pamoja na mambo mengine, sabuni yetu, magaloshi yetu ya mpira. Na ile sheria ya komeo kulala mbali ilifutwa. Sasa kila kitu kilifungiwa pamoja katika stoo ya mabati.

Basi jioni moja Kipkirui alikuja kwangu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaniuliza, “Mama, Mzee alikuwa anaipaka nini?” Nilimjazia kopo la hamira mafuta ya kondoo. Nilimwonyesha kwa kidole, hivi na hivi, nje na ndani, usiyaonee choyo. Nilimpa kama mtu anayegawa urithi, na alipokwenda nilikaa na furaha fulani moyoni, nikihisi kwamba mume wangu hajaondoka kabisa katika shamba lile.

*

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa sita, baridi ya kuuma meno. Tulipanda tukiwa wanawake kumi na mmoja, Kipkirui mbele. Syprose alikuwa mstari wa mwisho, unaopakana na kijia, mimi nikamfuata. Alikuwa akinieleza habari za shemeji yake wa Fort Ternan aliyenunua punda kipofu, na bado sijajua hadithi ile iliishia wapi, maana ndipo kisiki kilichokuwa mbele yetu kiliposimama.

Sijawahi kumwona nyati karibu vile. Pua yake ilikuwa inatoa mvuke. Kipkirui hakukimbia, hilo nitaliapa mbele ya kiti chochote cha hukumu. Aliingia kati, akatupungia mkono wa nyuma turudi, akainua bunduki, akalenga. Nami nilingoja mlio kama mtu anayengoja jina lake liitwe.

Nilisikia *tik*.

Kitu kidogo hivyo, kama kucha iliyogonga sahani. Nyati akainamisha kichwa. Kipkirui akalivuta komeo kwa nguvu, kitu kikaruka kando na kupotea kwenye michai, akalisukuma tena, na hapo kile kijisanduku cha plastiki kikachomoka na mpira wake, kikamwangukia miguuni. Nyati akampita yeye kana kwamba ni nguzo, akamkuta Syprose. Alimnyanyua kwa pembe kwenye paja, akamtupa. Kipkirui akaigeuza bunduki na kumpiga mnyama kwa kitako, huku akipiga kelele za Kikipsigis, na kitako kikapasuka vipande viwili. Sijui kama ni kelele au ni malaika. Nyati aligeuka, akaingia msituni, na miti ikaendelea kudondosha maji.

Mguu wa Syprose ulivunjika mara mbili, na goti likasagika. Akakaa hospitalini wiki tano, akarudi na gongo.

Bunduki ilipochukuliwa siku ile kupelekwa ofisini, chumba chake cha risasi kilikutwa kitupu. Ofisi ikasema neno moja na kulishikilia: mtu huyu alipanda mlimani bila kuweka risasi. Kipkirui akasimamishwa kazi, akaambiwa angoje kikao. Kikithibitisha hivyo, kibali chake kitafutwa na yeye atakabidhiwa kwa polisi kwa uzembe uliomlemaza mtu. Alisema aliweka. Alisema bunduki iligonga ikakataa, akaitoa risasi ile mbovu. Wakamuuliza iko wapi. Walikwenda watu wawili, wakatazama chini ya michai kwa muda wa kumaliza sigara, wakarudi na mikono mitupu.

Mimi nilimwamini, na sikunyamaza. Kwenye laini, kisimani, kanisani baada ya ibada, nilisema kwamba lawama ni ya bunduki rahisi na ya walioileta, na nilisema kwa sauti ya mjane wa Jairus Ouko, ambaye neno lake kuhusu bunduki lilikuwa na uzito. Na kila jioni, baada ya chakula, nilizunguka ukuta na kuingia kwa Syprose na kopo langu la mafuta ya kondoo. Nilimkanda goti mpaka jasho likatutoka sote wawili. Alivumilia. Siku moja tu alisema, akiitazama taa badala ya kunitazama:

“Mama Quinter, maumivu nitayazoea. Ninachotaka ni kujua nimchukie nani.”

Nilimwambia Mkristo hachukii. Akasema anajua, lakini bado angependa kujua.

*

Risasi niliipata mimi. Ilikuwa Ijumaa, siku tatu kabla ya kikao, nikichuma mstari ule ule. Niliinama kutoa kamba ya kikapu iliyonasa, na kikang’aa kitu kwenye shina la mchai, kimeshikwa na matawi mawili kama yai kwenye kiota. Haikuwa imelipuka. Nilipoigeuza niliona, katikati ya kile kiduara kidogo cha kitakoni, alama: kibonyeo chembamba, kama mahali mtoto alipojaribu ukucha kwenye sabuni. Msumari ulikuwa umeigonga. Kipkirui alikuwa amesema kweli, na kweli yake sasa ilikuwa kiganjani mwangu.

Nikaiogopa. Jairus alinifundisha kwamba mtu asiye na kibali akikutwa na risasi hata moja, anafungwa miaka ambayo wajukuu watakua bila kumwona. Kuipeleka ofisini mapema niliogopa ingepotea humo. Kuiacha nyumbani niliogopa panya na wapelelezi. Kwa hiyo Sabato nilikwenda nayo kanisani, ndani ya mkoba, chini ya kitabu cha nyimbo, na mkoba nikauweka mapajani. Kila tuliposimama kuomba niliusikia uzito wake. Mhubiri alisema juu ya mambo yaliyositirika ambayo yatafunuliwa, nami nikaitikia amina kwa sauti kubwa, maana nilidhani ninajua ni yapi.

Jumatatu tulikaa barazani pa ofisi kuanzia saa tatu. Syprose alikuwa ameitwa kama shahidi, na mimi pia. Baridi ilimkaza goti, kwa hiyo nilitoa kopo mkobani nikamkanda pale pale kwenye benchi, sketi ameivuta kidogo, makarani wakipita wakigeuza macho. Kipkirui alikuwa amesimama mbali kidogo katika shati lililopigwa pasi mno. Alitusalimu. Syprose hakumwitikia.

Tulipoingia ndani tulimkuta meneja msaidizi, kijana wa heshima aitwaye Steve, na mzee mmoja wa makamo aliyeletwa kutoka Nakuru, fundi wa bunduki, jina lake Zacheus. Bunduki ilikuwa mezani juu ya gazeti, kitako chake kimepasuka. Steve alisoma yaliyoandikwa. Kisha akamuuliza Kipkirui kama ana la kuongeza, na Kipkirui akasema hana, aliyoyasema ndiyo hayo.

Nikasimama. Nilitoa risasi mkobani na kuiweka juu ya gazeti. Nilieleza nimeipata wapi na lini, nikasema kama ni kosa kuwa nayo, basi mikono yangu hii hapa. Steve alitazama mlango kama mtu anayetaka kuita askari, kisha akamtazama fundi. Zacheus hakuwa na haraka. Alivaa miwani, akaigeuza risasi kwenye mwanga wa dirisha, akatikisa kichwa taratibu.

“Iliingia, na iligongwa,” alisema. “Lakini iligongwa kwa nguvu za mtu mgonjwa.”

Nilimtazama Kipkirui. Mabega yake yalishuka kidogo, kama ya mtu aliyetua mtungi. Nikaketi, na moyo wangu ukaimba.

Zacheus alilitoa komeo, akaanza kulifungua kwa vyombo vyake vidogo. Huku akifanya kazi alikuwa akieleza, kwa sauti ya mtu anayezungumza na chuma, kwamba zamani bunduki ya kuwindia ilikuwa ikimfikia mezani baada ya miaka thelathini, na ikija ilikuwa imechoka tu. Siku hizi za bei ya chini zinamfikia kabla ya mwaka, zikiwa hazijawahi kuwa nzima. Palipokuwa na chuma kilichofuliwa wameweka cha kumiminwa, palipokuwa na cha kumiminwa wameweka plastiki. Akachomoa springi, akaibonyeza kati ya vidole viwili bila kutumia nguvu, akamwonyesha Steve. Hata kalamu, alisema, ina springi yenye haya kuliko hii.

Kisha akachungulia ndani ya komeo. Aliingiza kijiti chembamba, akakitoa, na kwenye ncha yake palikuwa na kitu cheupe kilichoganda, kama nta ya mshumaa.

“Nani alipaka hiki?” aliuliza.

“Mimi,” alisema Kipkirui.

“Ni nini?”

“Mafuta. Niliyatoa jikoni kwangu.” Hakusita hata kidogo. Macho yake yalikuwa ukutani, juu ya kichwa cha Steve. “Sikumuuliza mtu.”

Zacheus alieleza kwa upole, na kila neno lake lilinijia kama tone la maji ya baridi mgongoni. Mafuta ya mnyama, alisema, yakilala usiku kwenye stoo ya mabati, baridi kama ya kwenu, huganda. Msumari unaogonga risasi hupita katikati yake kama mtu anayetembea matopeni. Springi ya bunduki za zamani ingesukuma hata ugali. Hii haina nguvu ya kusamehe. “Ungelipasha joto kwanza,” alimwambia Kipkirui, “hata mwilini tu, pengine ingelipuka.”

Hata mwilini tu.

Nilimwona Jairus akisimama mlangoni kwetu gizani, akivuta sweta lake, akilisogeza lile komeo kwenye mbavu na kuguna kwa sababu ya ubaridi wake. Huyu ndiye mke mdogo. Miaka kumi na tisa nilimcheka. Miaka kumi na tisa alikuwa akiyalainisha mafuta kwa damu yake mwenyewe, na labda hata yeye hakujua kwamba ni kazi anafanya, alijua tu kwamba asubuhi asipofanya hivyo chuma kinanuna. Nami nilimpa Kipkirui kopo na nisimpe mzaha ule. Niligawa nusu ya urithi.

Steve alikuwa ameanza kuandika, na kalamu yake ilikuwa na furaha. Alisema basi mambo yako wazi: hata kama risasi iliwekwa, silaha ya kampuni ilipakwa mafuta ya kupikia na mtu aliyepewa dhamana nayo, bila idhini. Uzembe ni uzembe. Ile risasi niliyoibeba mpaka madhabahuni ili imwokoe Kipkirui ilikuwa imegeuka na kumtazama yeye.

Ningeweza kukaa kimya. Ningependa kusema kwamba fikra hiyo haikunipitia, lakini ilinipitia, na ilikaa. Niliiona nyumba yangu ya laini, ambayo mjane huishi kwa hisani ya ofisi. Niliwaona wanawake kisimani, ambao kwa miezi miwili walinisikia nikihubiri juu ya bunduki rahisi. Niliiona picha ya Jairus katika fremu yake, na watu wakisema kwamba kumbe ni yeye aliyeanzisha. Na kando yangu, kwenye kiti cha mbao, nilisikia pumzi ya Syprose, ambaye alikuwa akingoja kujua.

Kipkirui alinitazama mara moja tu. Yale macho yalisema, kaa. Alikuwa amenifunika tangu siku ya kwanza; kila alipoulizwa bunduki inatunzwaje alijibu kwamba inatunzwa, basi.

Nikasimama.

“Mafuta ni yangu,” nilisema.

“Mama, kaa,” alisema Kipkirui.

“Mwanangu, niache.” Nilitoa kopo la hamira mkobani nikaliweka kando ya risasi. Niliufungua mfuniko, ukalia juu ya meza. “Nayayeyusha mimi. Alikuja kuniuliza mume wangu alipaka nini, kwa sababu stoo haina mafuta ya bunduki tangu mwaka juzi, na daftari la stoo mnalo hapo nyuma yenu, fungueni. Nikampa haya. Nikamwonyesha kwa kidole changu hiki apake mpaka ndani. Nilichokisahau ni kwamba Jairus alikuwa akilibeba lile komeo kwenye mwili wake. Nilikuwa namcheka. Huyu kijana alifanya kama alivyofundishwa na mtu anayemheshimu.”

Steve alishikilia kalamu juu ya karatasi bila kuigusisha. Mwishowe Zacheus alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la koti.

“Mimi nitaandika ninachokiona,” alimwambia Steve. “Springi dhaifu tangu kiwandani. Mafuta yasiyofaa, kwa kuwa yanayofaa hayakutolewa. Lakini sitaandika kwamba mtu huyu alikwenda mlimani mikono mitupu, na wala sitaandika uzembe. Ukitaka neno hilo, tafuta fundi mwingine.”

Kipkirui aliinama, akajifunika uso kwa kofia yake. Mabega yalikuwa yakitikisika. Nilitaka kumfuata, na sikuweza, kwa sababu Syprose alikuwa amesimama.

Alisimama kwa shida, kama alivyojifunza, gongo kwanza kisha kiuno. Hakunitazama. Alikwenda mpaka mezani, akaitazama bunduki, akaitazama risasi, akalivuta kopo karibu. Aliingiza kidole. Akakisugua taratibu kwa kidole gumba, mafuta yakalainika, akakiinua puani na kunusa. Ilikuwa harufu ya kila jioni yetu. Kwenye goti lake, chini ya pindo la sketi, mafuta yale yale yalikuwa bado yanang’aa.

“Syprose,” nilisema.

Alifuta kidole chake kwenye pembe ya gazeti, mara moja, mara mbili, mpaka kikakauka. Alilifunika kopo, akabonyeza mfuniko mpaka ukakaza, akalirudisha mahali nilipokuwa nimeliweka. Kisha akajigeuza, akafungua mlango kwa kiwiko, akatoka. Nilibaki nikihesabu milio ya gongo lake kwenye sakafu, kwenye baraza, kwenye zile ngazi tatu, mpaka likafika kwenye nyasi, ambako halitoi sauti.